Ujima wa Ndara Mia Nne

Kwetu hakuna anayejenga nyumba peke yake. Ukitaka kufyatua matofali ya udongo, unapita mlango kwa mlango na kusema, "Kesho kwangu." Kesho wanakuja. Unawapikia pilau, unawamiminia chai, na jioni wanaondoka na matope hadi masikioni. Hakuna anayetaja malipo. Huo ndio ujima wetu. Ukitaja malipo, utawaudhi watu mpaka wajukuu wao.

Mimi naitwa Burulcha. Nina karakana ndogo ya sufu uani kwangu. Tunachambua sufu ya kondoo kwa mashine, tunailowesha kwa maji ya moto na sabuni, tunaishindilia mpaka inakuwa ngumu, kisha tunashona ndara za kuvaa ndani wakati wa baridi. Mashine yetu ni ya zamani. Ina roli mbili zenye meno ya chuma, zinazozunguka zikielekeana.

Mwaka juzi, theluji ilipoanza kuyeyuka, mfanyabiashara mmoja wa jiji la Bishkek aliagiza ndara jozi mia nne. Alizitaka ndani ya mwezi mmoja. Sisi tulikuwa watatu tu: mimi, mume wangu Ularbek, na mama mkwe wangu. Nikafanya kama mama yangu angefanya. Nilipita mlango kwa mlango nikisema, "Kesho kwangu."

Walikuja wanawake sita. Wa kwanza alikuwa Kalipa, jirani yangu wa ukuta mmoja. Mume wake ni mchungaji na hushinda malishoni.

"Hii sufu umeiosha, au umeionesha maji tu?" alinitania.

"Kama harufu inakusumbua, rudi kwako ukamnuse mumeo."

"Afadhali hii!" alisema, na wote tukacheka.

Siku ya kwanza ilikuwa kama harusi. Siku ya nne niliwaambia waje saa mbili kamili, maana muda ulikuwa unayoyoma. Nilimweka Kalipa kwenye mashine kwa sababu mikono yake ni myepesi. Alikaa hapo siku ya tano, ya sita, ya saba. Nilipika pilau kila siku. Niliona nimetenda haki.

Mashine ile ilikuwa na kifuniko cha chuma juu ya roli. Ularbek alikuwa amekitoa, kwa sababu sufu ilikuwa inakwama chini yake. Alikifanya mlango wa banda la kuku. Sote tulimsifu.

Siku ya tisa sufu ilikwama. Kalipa alinyoosha mkono kuivuta sufu huku mashine ikizunguka, kama tulivyozoea kufanya sote. Roli ziliukamata mkono wake wa kulia. Swichi ilikuwa ukutani, upande wa pili wa chumba. Ularbek aliruka mabeseni ya maji ya moto kuifikia. Ule ukelele bado ninausikia.

Kwenye zahanati, daktari aliufunga mkono, akachukua kalamu.

"Umeumia wapi, mama? Nyumbani au kazini?"

Nilimtazama Ularbek. Ularbek alitazama sakafu. Kalipa alikuwa mweupe kama unga, lakini alitutazama wote wawili, kisha akajibu haraka.

"Nyumbani. Nilikuwa nachambua sufu yangu mwenyewe."

Daktari aliandika: nyumbani. Mimi nilinyamaza. Niliona nafuu, na kwa kuona nafuu nikaona aibu.

Tuliporudi, mama mkwe alichagua mwana-kondoo mnono. Tulimpeleka kwa Kalipa pamoja na unga na sukari, tukaomba msamaha. Kalipa alitusamehe hata kabla hatujakaa. Kila asubuhi nilikwenda kumkamulia ng'ombe wake, maana kwa mkono mmoja hakuweza. Nilidhani mambo yamekwisha.

Baada ya wiki mbili daktari aliniita kando.

"Kano za vidole zimekatika," alisema. "Afanyiwe upasuaji hospitali ya mkoa, Naryn, kabla mwezi mmoja haujatimia tangu aumie. Akichelewa, vidole vitabaki vimekunjwa maisha yake yote. Upasuaji wa namna hii una gharama. Angeumia kazini, angekuwa na haki ya kudai matibabu na fidia. Lakini yeye ameumia nyumbani."

Alilitamka neno "nyumbani" polepole, huku akinitazama usoni.

Hapo ndipo kichwa changu kilipovurugika. Nilimwuliza kila mtu, na kila mtu aliniongezea giza.

"Nyamaza," alisema Ularbek. "Ukisema ukweli watafunga karakana. Kule dukani wananiambia Kalipa aandike karatasi tu, kwamba hana anachotudai. Aweke sahihi, basi."

"Aweke sahihi kwa mkono upi?" nilimwuliza.

Mama mkwe naye alikasirika. "Kazini! Kazini kwa nani? Tangu lini jirani aliyekuja kwenye ujima akaitwa kibarua? Unataka kumtukana Kalipa?"

Nilimwona kila mmoja ana haki. Ujima si kazi. Lakini mkono ulikatwa na mashine yangu. Kalipa si kibarua wangu. Lakini alikuwa akitengeneza ndara zangu. Nililala na swali hilo, nikaamka nalo.

Kila Jumatano ya pili ya mwezi, mwanasheria huja kijijini na kukaa maktabani. Hamtozi mtu. Jina lake Saltanat. Ni mwembamba, ana mafua daima, na hana subira na maneno ya kuzunguka. Nilimweleza yote. Alipenga kamasi, akaanza kuuliza.

"Ndara zilikuwa za nani?"

"Zangu. Za kumuuzia yule wa Bishkek."

"Mashine ya nani?"

"Yangu."

"Nani alipanga watu waje saa mbili?"

"Mimi."

"Nani alimweka Kalipa kwenye mashine?"

"Mimi. Lakini ulikuwa ujima, dada! Sikumlipa hata kidogo. Niliwapikia pilau tu."

"Kwa hiyo uliwalipa pilau," alisema Saltanat.

Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa.

"Nisikilize, dada Burulcha. Mnapojenga nyumba ya jirani, nyumba hiyo inauzwa?"

"Hapana. Anakaa ndani yake."

"Na wewe kesho utajengewa?"

"Ndiyo."

"Huo ni ujima, na ni mzuri. Usiuache. Lakini mtu akija kila siku kwa saa ulizopanga, akafanya unayomwagiza, kwa mashine yako, ili uuze bidhaa yako, hiyo ni kazi. Jina mnaloliita halibadilishi kitu. Wala kukosa mkataba hakumwondolei haki yake. Kunakuongezea kosa wewe."

"Sasa na mama mkwe wangu? Yeye pia hushona. Naye ni mfanyakazi wangu?"

"Mnakaa nyumba moja?"

"Ndiyo. Na yeye ndiye anayeniamuru mimi!"

Safari hii Saltanat ndiye aliyecheka. "Habari ya ndugu wa nyumba moja inaweza kuwa tofauti. Uliza ofisi ya kazi ya wilaya, watakueleza. Lakini mashine haijui nani mkwe, nani jirani. Kifuniko lazima kirudi, hata kama anayeitumia ni mama mkwe."

"Na ile karatasi? Kwamba Kalipa hana anachotudai?"

"Msiiandike kabisa. Mtu hawezi kusaini usalama wake utoweke. Mwenye karakana anabaki na wajibu uleule, na akijulikana amemshawishi majeruhi kusaini, anaonekana mjanja mbele ya mahakama."

Nilimwuliza swali nililoliogopa. "Watafunga karakana yangu?"

"Wanaweza kuisimamisha mashine mpaka iwe salama. Unaweza kutozwa faini. Sitakudanganya. Lakini ukificha na ikagundulika baadaye, mambo yatakuwa mabaya zaidi. Kwanza nendeni kwa daktari mkaseme ukweli, arekebishe maandishi. Waliokuwepo waandike walichokiona. Halafu wewe mwenyewe uiarifu ofisi ya kazi. Usingoje kuitwa. Mwezi aliousema daktari unaisha lini?"

"Bado siku tisa."

"Basi unafanya nini hapa?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa Kalipa. Nilidhani atafurahi. Alinifukuza, au karibu anifukuze.

"Nibadilishe kauli yangu? Watu waseme Kalipa amemshitaki jirani yake? Nimekula mkate wako, Burulcha!"

"Na mimi nimekula mkono wako."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema. Hutamshitaki mtu. Unadai haki yako tu, na mimi ndiye nitakayekuwa shahidi wako."

"Mshitakiwa awe shahidi wangu? Hayo yanatokea wapi?"

"Sijui," nilisema, na ilikuwa kweli. Sikuwa na hakika na lolote. "Saltanat anasema ndivyo. Vaa koti."

Kalipa alijaribu kufunga vifungo vya koti kwa mkono wa kushoto. Alishindwa kile cha kwanza, akakirudia, akashindwa tena. Alikaa kitandani akalia, akinikemea nisimtazame. Nilimfunga vifungo vyote, tukatoka.

Kule zahanati, nilisema kabla Kalipa hajafungua mdomo.

"Daktari, aliumia kwangu. Kazini. Mashine haikuwa na kifuniko. Mimi ndiye niliyemweka pale, nami nilinyamaza siku ile."

Daktari hakunikemea. Alileta karatasi mpya, akauliza tena kila kitu, akaandika. Wanawake wengine watano waliandika walichokiona. Mmoja wao hajui kuandika vizuri. Alisema, mwenzake akaandika, akasomewa, akaweka alama yake. Ularbek hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kukitoa kifuniko kwenye banda la kuku.

Mkaguzi wa kazi alikuja. Aliipima mashine, akaifungia kwa wiki tatu, akatutoza faini. Mama mkwe alimkaribisha chai, naye akakataa kuinywa kabla hajamaliza kuandika. Hilo lilimuudhi mama mkwe kuliko faini. Ndara zilichelewa. Mfanyabiashara wa Bishkek alilalamika sana kwenye simu, lakini alisubiri.

Kalipa alifanyiwa upasuaji zikiwa zimebaki siku mbili. Madai yake yalikubaliwa. Sehemu ya fidia tuliibeba sisi, na tunaendelea kuitoa. Alifanya mazoezi ya vidole miezi mitano, akiminya mpira wa sufu niliomshonea. Vidole vitatu vimenyooka. Kidole cha mwisho kimebaki kigumu.

Karakana yetu sasa ni nyingine. Kila anayefanya kazi ana mkataba, hata kama ni wa wiki mbili. Aliyeshindwa kuusoma, alisomewa mbele ya wote. Anajua saa zake, ujira wake, na nini kitafanyika akiumia. Tumelipia bima. Swichi nyekundu ya dharura iko kwenye mashine yenyewe. Sufu ikikwama, unazima kwanza.

Nilimwomba Kalipa awe msimamizi wa mashine. Alikubali kwa sharti kwamba sheria za mashine ziwe zake. Nilicheka nikasaini. Sikujua ninachosaini.

Vuli iliyopita tulikuwa na oda kubwa ya kwenda jiji la Almaty. Gari lilikuwa linasubiri nje, dereva anapiga honi. Sufu ilikwama pembeni, pale kifuniko kinapoishia. Ilikuwa kipande kidogo tu. Niliona naweza kukivuta kwa vidole viwili, haraka, bila kuzima.

Mashine ilizimika ghafla. Kalipa alikuwa ameibonyeza swichi nyekundu kwa mkono wake wa kulia.

"Utoe mkono," alisema.

"Kalipa! Gari linasubiri!"

"Lisubiri."

"Oda ni yangu, mashine ni yangu. Bosi hapa ni nani?"

"Bosi ni wewe," alisema, bila kuondoa kidole kwenye swichi. "Na mkono ni wako. Utoe."

Wanawake wote waliacha kushona wakanitazama. Nilikuwa na hasira. Kisha niliutazama mkono wangu. Ulikuwa umekwisha pita chini ya kifuniko mpaka kwenye kifundo cha mkono, nami sikuwa nimejua.

Niliutoa.