Godoro la Mama Rodney

Mvua ilikatika saa kumi na mbili kasoro. Kabla mabati hayajaacha kudondosha matone, Melchior alikuwa ameshalirudisha lori lake kinyumenyume hadi langoni kwa Mama Rodney, kule juu Rebero, Kigali.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: kuhamisha nyumba. Vitanda, kabati, makochi, masufuria, na kuku watatu ndani ya tenga. Mama Rodney, mjane wa miaka sitini na minane ambaye jina lake halisi ni Mukarugwiza, alikuwa anahamia Nyagatare kwa mwanawe wa pekee. Mumewe, mzee Zephaniah, walimzika mwezi wa tatu. Nyumba ilikwisha kuuzwa, na mnunuzi alitaka kuanza kuchimba msingi mpya kesho yake asubuhi.

Vibarua wanne wa Kagarama walipakia kila kitu isipokuwa vitu viwili. Cha kwanza ni godoro kuukuu la sufi, limeviringishwa na kufungwa kamba ya katani mizunguko mingi, kama maiti. Cha pili ni kopo la maziwa ya unga lililobanwa kwa plasta.

"Godoro likae nyuma kabisa," alisema Mama Rodney. "Mbali na mimi. Hili kopo nakaa nalo mwenyewe, mbele."

"Mama, godoro linaweza kukaa popote."

"Nyuma kabisa, Melchior. Tafadhali."

Melchior hakubisha. Mwenye mali ndiye mwenye amri. Vibarua wakaenda zao, mama akarudi ndani kufunga milango, naye akainama kukagua magurudumu.

Aliponyanyuka, akaona mtu mrefu amelibeba lile godoro begani, peke yake. Amejifunika gunia kichwani, lile la kukunja pembe moja ndani ya nyingine, kama wanavyofanya watu wa shamba wakati wa mvua. Uso haukuonekana. Alipanda juu ya mzigo taratibu, pasipo kushika popote, akakaa.

"Asante, ndugu," Melchior alimwambia. Alidhani ni jamaa wa mjane.

Jibu lilikuwa harufu tu... ya nyasi mbichi, kana kwamba kuna mtu ametoka kukata nyasi sasa hivi.

Wakaondoka.

Taa za mji zilikuwa zimeanza kuwaka vilimani, kilima kimoja baada ya kingine. Mama Rodney alikaa wima, kopo limebanwa katikati ya miguu yake. Kila lori lilipopita juu ya tuta, kopo lilitoa mlio.

Taka... taka... taka.

"Misumari?" Melchior aliuliza.

"Vitu vya mzee."

Walipita Remera, wakashika barabara ya mashariki. Karibu na Kabuga, polisi wa barabarani alinyoosha mkono. Melchior alipunguza mwendo, akasimama kando. Hapo ndipo alipomwona mjane akilisukuma kopo kwa kisigino, taratibu, chini ya kiti.

Polisi alimulika tochi, akatazama leseni. Kisha akamulika juu ya mzigo.

"Shoferi, muko wangapi?"

"Wawili, afande. Na mmoja yuko nyuma."

"Huyo iko juu ashuke. Ni marufuku kukaa juu ya mizigo."

Melchior alimgeukia mjane. "Mama, mwambie ndugu yako aje mbele, tutabanana."

"Ndugu yangu yupi?"

"Huyo aliyebeba godoro."

Mama Rodney alimkazia macho. "Yule si utingo wako? Mimi nilidhani amekuja na wewe."

Polisi alikuwa ameshapanda ngazi ya pembeni. Walimsikia akikanyaga mbao. Walimsikia akiita mara moja, kwa ukali. Mara ya pili aliita kwa sauti ndogo. Kisha akashuka haraka kuliko alivyopanda. Mkono ulioshika tochi ulikuwa umelowa hadi kwenye kiwiko, na mvua ilikuwa imekatika saa mbili nzima zilizopita.

"Hakuna mutu," alisema. Alimrudishia Melchior leseni bila kumtazama. "Endeni. Endeni tu."

Melchior aliondoa gari. Walikwenda kilomita moja, pengine mbili.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ukuta wa nyuma wa kibanda cha dereva. Mtu anabisha hodi, kwa adabu kabisa.

Melchior alisimamisha lori, akachukua tochi, akashuka. Juu hapakuwa na mtu. Lakini lile godoro, aliloliona kwa macho yake likiwekwa nyuma kabisa, sasa lilikuwa mbele, limesimama wima, limeegemea dirisha dogo lililo nyuma ya kiti cha mjane. Kamba ya katani ilikuwa imefunguliwa fundo moja baada ya jingine, ikakunjwa vizuri, ikawekwa pembeni.

Na katikati ya sufi kulikuwa na mdomo wa bunduki.

Alirudi kwenye usukani, akafunga mlango. Hakuwasha gari.

"Mama Rodney. Kuna nini kwenye kopo?"

"Yoo, Mana yanjye... Mungu wangu..."

"Mama. Mimi nina mke na watoto watatu. Bunduki ipo ndani ya gari langu. Kuna nini kwenye kopo?"

Mwanamke akaanza kulia, kilio kisicho na sauti. Kisha akasema yote, kwa mnong'ono, macho yakiwa kwenye kioo cha mbele.

Zamani wakiwa bado wakimbizi Karagwe, upande wa Tanzania, Zephaniah alikuwa askari wa wanyamapori. Siku moja jioni aliona majani yakitikisika porini. Alidhani ni nyati. Akapiga. Alipofika akakuta mtu, ameshika mundu, pembeni yake kuna matita matatu ya nyasi za kuezekea. Mtu yule hakufa palepale. Aliomba maji. Zephaniah aliogopa jela. Akamwacha, akaenda zake, usiku ukaingia, na fisi wa pori lile walikuwa wengi. Kazini alisema bunduki imeibwa. Akaificha.

"Toka siku ile hakulala," alisema mjane. "Akaenda kwa mganga. Mganga akamwambia, chuma na moto wake visilale tena chini ya paa moja, wala visipande chombo kimoja. Vikikutana, mwenye damu ataijua njia. Tuliporudi Rwanda alikwenda safari mbili. Ya kwanza bunduki, ya pili risasi. Pale Rebero bunduki ilikaa darini, risasi nikazifukia nje, kwenye shamba la maharage. Miaka yote hiyo, Melchior. Miaka yote."

"Kwa nini hukuzipeleka polisi?"

"Wangeuliza zimetoka wapi. Rodney angejua baba yake alikuwa nani." Alijifuta uso kwa kitenge. "Kesho mnunuzi anataka kuchimba. Basi la abiria wanakagua mifuko. Nikasema, nikiviweka mbalimbali, kimoja nyuma kimoja mbele... ni safari ya saa tatu tu..."

Melchior alikuwa ameacha kusikiliza. Vidole vyake vilishika usukani, vimepauka.

"Mwaka gani?"

"Nini?"

"Huyo mtu wa nyasi. Mwaka gani?"

"Themanini na tisa. Kiangazi. Wiki ile askofu alipokuja kubariki kanisa la Nyakahanga... Melchior, una nini?"

Basi sikiliza. Melchior naye alilelewa Karagwe, mtoto wa wakimbizi. Mwaka huo wa themanini na tisa alikuwa na miaka tisa. Wiki ile askofu alipokuja, baba yake aliondoka asubuhi na mundu, akasema paa la jikoni linavuja, anakwenda kutafuta nyasi. Hakurudi. Wakasema amefuata mwanamke Mwanza. Wakasema wamemwona Bukoba, kanenepa. Mama yake alicheka pamoja na waliomcheka, akaendelea kusubiri. Melchior akakua akimchukia baba yake, chuki nzito, ya kila siku. Alipopata mtoto wa kwanza wa kiume aliulizwa kama atampa jina la babu yake, akatema mate chini.

Alifungua mdomo amweleze yule mwanamke.

Nyuma yao, godoro lilikuwa linakwaruza kioo.

Kopo chini ya kiti likaanza kulia lenyewe, gari limesimama, injini imezimwa.

Taka... taka... taka...

Na harufu ya nyasi ikajaa ndani mpaka macho yakawasha.

"Anamtaka Rodney," mjane alinong'ona. "Mwanangu. Amekosa baba, anataka mtoto. Tukifika Nyagatare na hivi vitu... Melchior, nakuomba kwa jina la Mungu."

Melchior alifikiri. Kumtupia mzigo wake barabarani? Kutupa bunduki mtoni? Kesho wangeiokota watoto wa watu. Kuendelea mbele, amfikishe marehemu baba yake kwenye kisasi chake, mlangoni kwa Rodney? Kwa pumzi mbili tatu, jambo hilo alilitaka. Alilitaka kweli. Hilo ndilo alilokuja kumwambia mkewe baadaye, na hakuwahi kumwambia mtu mwingine.

Kisha akawasha gari, akaligeuza, akalielekeza Kigali.

Lori likawa zito. Mlima ambao kila siku aliupanda kwa gia ya tatu ulimshinda kwa ya kwanza. Injini ililia. Mjane alisali kwa Kinyarwanda, haraka haraka, akikosea maneno. Dirisha dogo la nyuma lilifunguka inchi moja, na hewa baridi ikamgusa Melchior shingoni.

"Merikiyori..."

Hakuna mtu Kigali aliyemwita hivyo. Ni nyumbani tu, Karagwe, kwa matamshi ya wazee wasioweza kulitamka jina alilopewa na padri.

"Merikiyori... huku siko."

Machozi yalimtoka Melchior, barabara ikawa ukungu. Alishika usukani kwa mikono miwili.

"Siwezi, Baba," alisema. "Mtoto wa watu hana kosa."

"Huku siko, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya mtu mwenye kiu. Haikuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtesa.

Walipoingia kwenye ua wa kituo cha polisi, saa tatu ilikuwa haijafika. Melchior alishuka na mikono juu, akasema alichobeba. Ofisa wa zamu, dada mmoja aliyeitwa Gwiza, aliamuru kila mtu akae mbali. Wakalikunjua godoro. Bunduki ilikuwemo, imepakwa mafuta, haina kutu hata chembe. Wakakata plasta ya kopo, wakatoa risasi, wakaziweka kwenye meza nyingine, chumba kingine.

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Gwiza, akiandika. "Silaha pale, risasi pale. Nani aliwaambia mubebe pamoja?"

Juu ya lori, kuku watatu walikuwa wamekufa ndani ya tenga, na kuzunguka tenga kulikuwa na maji, kama mtu aliyelowa alikaa hapo akaondoka.

Melchior alikaa mahabusu siku tisa, kisha akaachiwa. Mama Rodney alifikishwa mahakamani, akakiri, akafungwa. Umri wake ulimpunguzia miaka, haukumfuta kosa. Rodney alikuja Kigali, akaijua habari yote ya baba yake kwa siku moja. Alimshika Melchior mkono muda mrefu.

Siku chache baada ya kuachiwa, Melchior alishika tena barabara ile ile ya mashariki, akavuka mpaka pale Rusumo, akapanda gari hadi Karagwe kwa mama yake. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Baba hakutuacha. Hakuna mwanamke wa Mwanza. Miaka thelathini na tano, Mama, tulimwonea. Alitaka amwambie taratibu, kwa maana mama yake, bibi Mukunde, alikuwa amevuka themanini na moyo wake ulikuwa dhaifu.

Alimkuta amekaa nje ya mlango, anamenya ndizi. Sufuria lilikuwa kubwa, la karamu. Amevaa gauni ambalo Melchior hakuwahi kuliona, na kichwani amefunga kitambaa kipya.

"Mama," alisema, akapiga magoti mbele yake. "Nimekuja kwa habari ya Baba."

"Sema polepole." Bibi alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Ndiyo kwanza amelala."

Melchior naye alitazama mlangoni.

"Nani amelala, Mama?"

"Alifika Jumanne ile nyingine, alfajiri. Miguu imepasuka yote, nimemkanda kwa maji ya moto." Bibi alimenya ndizi moja mpaka mwisho, akaitia sufuriani. Kisha akamtazama mwanawe, na macho yake yalikuwa na lawama ya mama kwa mtoto aliyekosa adabu. "Anasema mlikuwa njiani pamoja kuja nyumbani, ukamrudisha. Ikabidi aje kwa miguu. Kwa nini, Merikiyori?"

Ndani, kitanda kililia. Kama mtu anayegeuka upande wa pili.

Melchior alikaa chini, akachukua kisu cha pili, akaanza kumsaidia mama yake kumenya. Walimenya mpaka jua likazama, na bibi alipoingia kuwasha taa alimwita mara mbili aje amsalimie baba yake.

Hakuingia. Mpaka leo, hajaingia.