Nilivyomwanika Shangazi Jinamizi

Nisomeni kwanza, matusi mniwekee mwishoni.

Jumamosi asubuhi nafungua simu, nakuta mwanamke mwingine kaandika utani niliomtania mume wangu chumbani, tukiwa wawili tu.

Neno kwa neno...

Mnanijua. Nahakiki filamu na vitabu vya kutisha, natoa mafuvu, moja hadi matano. Miaka minne nimeujenga ukurasa huu. Mara akazuka huyu anayejiita Shangazi Jinamizi. Hana picha, hana jina. Miezi mitatu tu, kanipita wafuasi.

Na mume wangu akisoma ya Shangazi, anatabasamu peke yake. Ya kwangu anasema "safi," basi. Niliona wivu, sifichi.

Nikatega mtego. Nilikuwa nimemaliza kitabu kipya, muuaji ni mchimba makaburi. Mume aliponiuliza kimeishaje, nikamwambia muuaji ni tarishi.

Siku mbili baadaye, Shangazi Jinamizi huyo hapo: "Fuvu moja. Tarishi hana sababu ya kuua. Mwandishi kachoka."

Kumbe naibiwa kweli.

Sikumuuliza mume. Niliandika hapahapa: "Huyu Shangazi yenu anatembea na mume wangu. Mpeni salamu zake."

Mkampa. Mlimtukana tangu mchana mpaka jioni, mimi nasoma huku nacheka.

Mume akarudi kutoka kazini, mpole kupita kiasi.

"Vaa viatu."

"Twende wapi? Kwa hawara yako?"

"Ndiyo."

Tukaenda... kwa mama yake.

Mama mkwe haoni, mwaka wa pili huu. Tulimkuta ameketi kitandani, simu inamsomea maoni yenu kwa sauti, moja baada ya jingine.

Mume akaizima.

"Kila asubuhi nampitia kabla ya kazi," akaniambia. "Namsimulia uliyoyasoma na uliyoyasema. Yeye anatoa hukumu, mimi naandika. Alinikataza kukwambia, aliogopa utasema anakuiga."

Nilipiga magoti.

"Mama, nisamehe. Sikujua ni wewe."

"Nimeshakusamehe, mwanangu." Akanitafuta bega kwa mkono. "Ila huyu aliyesema nife... ni mtu unayemfahamu?"



Lile andiko nimelifuta, lakini wenye kulipiga picha walishalipiga, bado linazunguka. Ukurasa wa Shangazi umefungwa, mwenyewe ndiye aliyeomba. Juzi nilimpelekea kitabu nimsomee. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akasema hadithi za kutisha hazitaki tena.

Ndugu zangu, wivu ukikushika, muulize unayelala naye kitanda kimoja kabla hujawauliza watu wa mtandaoni. Mimi nilianza na ninyi.

Na leo hii ndiye ninayeongoza kwa wafuasi.