Mwanga Kibandani

Kila Machi, korongo waliporudi Mto Platte, Lenka aliamshwa na mjomba wake Dale kabla ya alfajiri. Alikunywa kakao upesi upesi, akavaa soksi mbili mbili, akamfuata hadi kwenye kibanda cha mbao kilichojificha ukingoni. Humo wageni walipiga picha kupitia vitundu, huku maelfu ya korongo wakilala wima majini, wakipumzika kabla ya kuendelea na safari ya kaskazini.

Mwaka huo pia sheria za mjomba hazikuwa na mchezo.

"Simu zizimwe. Taa ya kamera ifunikwe kwa plasta. Hakuna kutoka mpaka ndege waondoke wenyewe. Umesikia, Wade?"

"Mbona mimi tu, baba?" alilalamika Wade, mwanawe wa miaka kumi na minne.

"Kwa sababu nakujua."

Wageni wakacheka. Lenka hakuwa na hamu ya kucheka. Maonyesho ya picha shuleni yalikuwa Ijumaa, na picha zake zote zilikuwa nyeusi tititi.

Basi korongo mmoja akajongea gizani hadi karibu na tundu lake. Lenka akainua kamera yake. Akabandua plasta. Picha moja tu, alijiambia, akabonyeza.

Mwanga ukamulika mto. Korongo wote wakaruka kwa kishindo, gizani, kuelekea kwenye nyaya za umeme. Kitu kizito kikaanguka.

"Wade!"

"Si mimi, baba!"

"Na hiyo simu mkononi?"

"Nilikuwa naangalia saa."

"Mwongo wewe. Hukanyagi hapa tena."

Wade alikuwa akija mtoni tangu ana miaka mitano. Lenka alimwona akijifuta machozi kwa mkono wa koti. Akairudisha plasta kimya kimya.

Kulipokucha walimkuta korongo chini ya nyaya, bawa limevunjika. Askari wa wanyamapori alimkagua, akasema haponi, akamchukua. Mwenzi wake alibaki palepale kwenye mabua ya mahindi, akiita.

Upepo wa kusini ulipovuma, makundi yakaondoka. Yule mwenzi hakuondoka. Akiwa mezani Lenka alimsikia akiita, na kitandani pia. Chakula kilimshinda. Picha ilikuwa imetoka vizuri ajabu, naye hakuweza kuitazama.

Siku ya tatu alimpelekea mjomba kamera.

"Mjomba, ni mimi."

Mjomba Dale aliitazama picha. Kisha akamwita Wade.

"Nimekukosea, mwanangu. Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Kesho utafungua kibanda wewe."

Wade akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia Lenka. "Siku tatu, Lenka. Ulikuwa unanipitishia mkate mezani."

Lenka akaangua kilio. "Nisamehe."

"Sijui. Bado."

Mjomba alimkalisha kwenye ngazi. "Yule ndege hukukusudia kumuua, ingawa sheria uliijua. Hata kama ungesema palepale, asingepona. Lakini Wade asingeumia hata saa moja. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, mama, maana kuna mtu anaubeba mzigo wako."

"Na yule aliyebaki?"

Mjomba alitazama shambani. "Huyo hatuna la kumwambia."

Ijumaa ukuta wa shule ulikuwa na nafasi moja tupu, ile ya picha ya Lenka. Kule shambani, korongo alikuwa bado anaita.