Kishikwambi cha Bibi Vasemaca

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Titilia alimenya mihogo, akafagia uwanja, kisha akaketi karibu na bibi yake kumsomea barua pepe za Mama Mdogo Mereani. Mihogo na ufagio havikumsumbua. Barua ndizo zilizomtoa jasho. Zilikuja kwenye simu ya mama yake, na kioo cha simu hiyo kilikuwa kimepasuka hata maneno mengine yakawa hayasomeki. Titilia aliigeuza simu huku na huku, na alipochoka akayaruka yaliyomshinda.

Bibi Vasemaca hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi.

"Hapo umeniibia," alisema asubuhi moja. "Mereani hawezi kumaliza barua bila kuuliza hali ya nguruwe wangu. Rudi juu."

Titilia akarudi juu, na kweli, nguruwe walikuwapo, tena wameulizwa kwa majina.

Mereani alikuwa ng'ambo, Brisbane, akitunza wazee, na hakuwa amekanyaga kijijini miaka mingi. Barua zake, pamoja na nyimbo za kwaya ya kanisa lake alizozirekodi na kuzituma, ndizo zilizomfanya Bibi aamini kwamba binti yake bado ni wake. Kwa hiyo Mereani alipoagiza kinunuliwe kishikwambi kidogo cha nyumbani, cha kusomea barua, kuperuzi habari na kusikiliza nyimbo, Bibi alivaa gauni la Jumapili siku ya Alhamisi, akamchukua Titilia, wakapanda basi kwenda mjini Savusavu.

Dukani kwa Bwana Jagdish, Titilia alikiona kishikwambi kipana chenye kioo kinachong'aa, na moyo wake ukasema hichohicho. Kilikuwa na michezo ya magari. Alimweleza Bibi kwamba kioo kipana ni kizuri kwa macho ya wazee. Bwana Jagdish akaunga mkono haraka, akasema mjukuu huyu ana akili sana. Bibi alimtazama Titilia, akamtazama Bwana Jagdish.

"Ninyi wawili mmekutana wapi?" aliuliza.

Akakiweka kando kile kipana. Akachukua kidogo kilichoenea kiganjani, akataka kiimbe. Kilipoimba, alikitumbukiza ndani ya kikapu chake cha ukindu, akafunika kwa kanga na mboga alizonunua sokoni, akaacha kikapu juu ya meza na kutoka nje hadi barazani. Wateja walicheka. Bibi alisimama nje ametega sikio, kisha akarudi na kusema kinasikika, tena vizuri. Masikio yake yalikuwa mazito, na hakutaka kitu cha kumnong'oneza. Aliuliza pia kama betri inadumu, akauliza mara ya pili kwa maneno mengine ili aone kama jibu litabadilika. Halikubadilika, wakakinunua.

Nyumbani Titilia alisahau kinyongo chake upesi. Aliingiza barua pepe, akahifadhi nyimbo zote za kwaya ya Mereani, na akakitega ili kila jioni saa kumi na mbili, ngoma ya kijiji inapoita watu kwenye sala, nacho kianze wimbo chenyewe hata kama hakuna aliyekigusa. Bibi alifurahi mno. Kikakaa juu ya meza ya pembeni, kimefunikwa kitambaa cheupe.

Lakini kitu kizuri kijijini hakikosi macho. Huko kwao, ndugu au jirani akikuomba kitu, hukatai. Ndivyo watu wanavyoishi, leo kwako, kesho kwangu. Na kila mtu anajua kwamba anayetaka kuomba huanza kwa kusifu. Sasa jirani yao Salote, ambaye tayari alikuwa na pasi yao, mwamvuli wao na sufuria yao kubwa, alikuja kukitazama kishikwambi. Alikisifu wakati wa kuingia, akakisifu akinywa chai, na alipokuwa anavaa ndala mlangoni alikisifu tena. Titilia alimwona Bibi akibana midomo.

Wa pili aliyekisifu alikuwa Laisa. Huyu alikuwa binti wa Mjomba Josefa wa kisiwa cha Taveuni, na alikaa kwao kwa sababu ya shule. Watoto wa ndugu wa kike na wa kiume huko ni watani, wanataniana tangu wakiamka, na Laisa hakuwa na likizo katika kazi hiyo.

"Hiki mimi nitaondoka nacho," alisema usiku huo huku akikipapasa. "Nitamwomba Bibi, na Bibi hajui kusema hapana. Wewe mtani wangu utabaki na ufagio."

Titilia alicheka, lakini neno lile lilimkaa moyoni.

Usiku uleule akafariki baba mkwe wa Salote, mzee aliyekuwa akiugua kwa muda mrefu. Kijiji kikanyamaza. Ngoma haikupigwa, watoto walikatazwa kupiga kelele. Bibi aliondoka kabla ya jua kuchomoza kwenda kukaa msibani na wanawake wenzake. Titilia alijiandaa kwenda shule, lakini Laisa hakujiandaa. Alisema amebaki kumsaidia mama yake Titilia. Kumsaidia nini, hakusema.

Titilia aliporudi alasiri alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya pembeni. Kitambaa cheupe kilikuwapo, kimelala bapa. Alikiinua, akainama chini ya meza, akatazama kabatini. Hakukuwa na kitu. Mama alikuwa ameshatangulia msibani. Chumbani alikuta mkoba wa Laisa umefungwa kwa kamba, umejaa, umewekwa tayari karibu na mlango.

Laisa alikuwa bafuni. Titilia alimuuliza kwa sauti ya kawaida, kupitia mlangoni, leo alitoka na nini nyumbani.

"Mikeka tu," Laisa akajibu.

Hilo neno "tu" halikumpendeza Titilia hata kidogo. Mbona mkoba umefungwa? Mbona alikwepa shule siku hiyohiyo? Mjomba Josefa angefika kwa meli kuja kuzika, na meli inayoleta watu ndiyo inayowarudisha. Titilia alipiga magoti, akafungua kamba. Akatoa gauni, akatoa chanuo, pakiti ya biskuti, shuka. Alikuwa anakung'uta shuka wakati mlango ulipofunguka.

"Unatafuta nini, mtani?" aliuliza Laisa, maji yakimdondoka nyweleni.

"Kalamu yangu."

"Kalamu yako iko sikioni."

Titilia alijigusa sikio, na kweli. Laisa alizitazama nguo zake zilizotapakaa sakafuni, kisha akatazama sebuleni, kwenye kitambaa kilicholala bapa. Alielewa. Titilia alingoja amtanie, na laiti angemtania. Laisa alikunja nguo zake moja moja, akazirudisha mkobani.

"Ninakwenda kulala msibani na baba," alisema. "Ungeniuliza tu."

Mtu mwingine angeona aibu hapo. Titilia alizidi kushuku. Alijiambia kwamba mwenye hatia ndiye anayeongea polepole namna ile, na kwamba kishikwambi lazima kimeshapelekwa kwingine.

Jioni nyumba ya msiba ilikuwa imejaa. Wanaume walikaa upande mmoja kulizunguka bakuli la kinywaji cha mizizi, kama ilivyo desturi misibani, wanawake upande wa pili, na katikati ilikuwapo mikeka waliyoileta jamaa na majirani, imeviringishwa na kurundikwa, yenye pindo za sufu nyekundu na kijani. Bibi Vasemaca aliketi mbele. Titilia aliona Bibi akiukodolea macho ule mrundo, akiyageuza kwa Mama, akiyarudisha kwenye mrundo. Alikuwa ametota jasho. Titilia akajua moja kwa moja, au alidhani amejua, kwamba Bibi ameshaambiwa kishikwambi kimeibwa na moyo unamuuma. Huruma na hasira zikamjia pamoja. Sauti ya Mereani imechukuliwa, na aliyeichukua amekaa pale pembeni amejiinamia kama mtakatifu.

Aliinama, akapita nyuma ya watu hadi kwa Mjomba Josefa, akamnong'oneza yote.

Mjomba alikuwa mtu mpole, na labda ndiyo maana uso wake ulitisha ulipobadilika. Alimwita binti yake kwa kidole.

"Umechukua kitu cha bibi yako?"

"Sijachukua, baba."

"Mbona mwenzako anasema hivyo?"

Laisa alimtazama Titilia mara moja tu, kisha akatazama sakafu. Mjomba alisema kwa sauti ya chini kwamba baada ya mazishi atarudi naye Taveuni, na habari ya shule waisahau, kwa kuwa hawezi kumwacha mtoto mdokozi katika nyumba ya Bibi, mama yake mzazi. Titilia hakuwa amefikiria mambo yatafika huko. Alitaka kishikwambi kirudi, hakutaka Laisa aondolewe shule.

Saa kumi na mbili ikafika bila ngoma. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Halafu wimbo ukaanza, ule wimbo wa jioni ambao kila mtu pale alikuwa akiuimba tangu utotoni. Ulianza kwa sauti ya kike, nzuri, na wazee wa mbele wakadhani kuna mwenzao aliyeguswa. Wakaudaka. Wanawake wakaingia, wanaume wakafuata kwa besi, na ubeti wa kwanza ukaisha watu wakifuta machozi. Katika ubeti wa pili kinanda kiliingia. Nyumba ile haikuwa na kinanda. Mmoja mmoja watu wakanyamaza, wakatazamana, mpaka ikabaki sauti moja tu inayoimba kwa bidii kutoka ndani ya mikeka.

Mtoto mmoja akakimbilia kwa mama yake. Mzee mmoja akaweka chini kikombe chake.

Mama wa Titilia alishika mdomo. "Nilichukua ule mkeka wa chini ya kitanda," alimnong'oneza Bibi. "Laisa ndiye aliyeubeba. Sikujua."

Bibi Vasemaca alisogea kwa magoti hadi katikati, mbele ya Salote, akapiga makofi ya adabu kwa viganja vilivyokunjwa.

"Salote, nimekuja kuomba," alisema. "Ndani ya mkeka wetu kuna kitu. Nilikitia humo jana usiku kwa mkono wangu, sikumwambia mtu. Ulivyokisifu niliogopa utakiomba, nami nisingeweza kukukatalia. Mkeka umeshatolewa, kwa hiyo kilichomo ni chako. Sasa mimi ndiye ninayekuomba wewe."

Salote, macho yake mekundu kwa kulia, aliukunjua mkeka, akakitoa kishikwambi kikiwa bado kinaimba, akakiweka mapajani mwa Bibi.

"Chukua, mama," alisema. "Mimi sikutaka kukichukua. Nilitaka kukuomba baba mkwe wangu asikie wimbo kabla hajatutoka, nikaona haya, nikaishia kukisifu." Akafuta macho. "Na kesho nitakuletea pasi yako. Uliyonayo moyoni si habari ya kishikwambi peke yake."

Hapo hata wafiwa walicheka, na Bibi alicheka huku analia.

Watu walipokwenda kula, Bibi aliwaita wajukuu wote wawili nje, na Mjomba Josefa akafuata. Titilia hakungoja kuulizwa. Aliketi chini mbele ya Laisa, akasema yote. Alisema alipekua mkoba, akadanganya habari ya kalamu, akamchongea kwa baba yake, na hakuwa ameona chochote kwa macho yake.

"Mimi nami nisamehe, mwanangu," Mjomba alimwambia Laisa. "Nimekuhukumu kwa mnong'ono. Utabaki shuleni."

Bibi alivuta pumzi. "Sisemi na Titilia peke yake, najisemea na mimi. Nilimshuku Salote, nikaficha. Kwa kuwa nilificha, wewe ukamshuku Laisa. Ingalitosha mimi kumuuliza Salote anataka nini, na wewe kumuuliza Laisa kama amekiona. Tuliogopa kuuliza, tukaona ni rahisi kumdhania mtu ubaya. Mkishuku jambo, wajukuu zangu, muulizeni mhusika kwanza, kwa mdomo, na msikilize anachojibu. Jina la mtu likishachafuliwa halifuliwi kwa siku moja."

Na kweli halikufuliwa kwa siku moja. Kishikwambi kilirudi mezani bila kitambaa, na Salote alikuja jioni nyingi kusikiliza, akiwa ameshaleta pasi, ingawa mwamvuli walikuwa bado wanaungoja. Laisa alisamehe kwa maneno. Lakini kila jioni waliporudi shuleni alifungua mkoba wake, akauweka wazi miguuni pa Titilia, kisha akaenda zake bila kusema kitu. Titilia aliufunga kila mara bila kutazama ndani, macho yakimwasha, na hakulalamika.

Siku moja mvua ikinyesha, Laisa aliuweka mkoba palepale, lakini safari hii hakuondoka.

"Kagua vizuri, mtani," alisema. "Leo nimeiba nguruwe wa Bibi."

Titilia alicheka mpaka akalia, na akaufunga ule mkoba kwa mara ya mwisho.