Mlango wa Bosi

Ilianza na harufu. Kila mara bosi wa studio ya picha alipowasha kompyuta yake, mapokezini kulinuka kama nyama iliyosahauliwa kwenye friji bovu, na msichana wa mapokezi akashikwa na kikohozi. Siku alipokohoa akatoa unywele mrefu uliolowa ute, unywele usio wake, alimpigia simu dada yake, fundi wa kompyuta.

"Dada, njoo. Na usile kwanza."

Bosi alikuwa ametoka. Fundi akaketi kwenye kiti chake, kibodi ikimnata vidoleni. Ndani ya folda ya wateja akakuta folda moja yenye kimshale pembeni.

"Hii si folda," alinong'ona. "Ni kiungo. Mlango tu, mdogo wangu. Ukiingia hapa unatokea kwingine, na ukifuta kitu humu, kimefutika kule kule."

Akabofya. Kwenye kioo cha kompyuta kikatokea chumba cha kubadilishia nguo: wanawake waliopigwa picha kupitia tundu la ukuta, mmoja baada ya mwingine, na mdogo wake miongoni mwao, akifunga vifungo vya blauzi.

"Mshenzi! Na bado anakuita 'binti yangu'!"

"Dada, tazama nyuma yangu, hapo pichani."

Nyuma ya kila mwanamke alisimama mwingine, asiye mteja, nywele zikimchuruzika maji ya usaha, na katika kila picha alikuwa amesogea karibu zaidi, hata katika ile ya mwisho vidole vyake vilikuwa vimezama mdomoni mwa msichana wa mapokezi mpaka kwenye vifundo.

Spika zikakoroma. "Bosi wenu alitoboa ukuta akaweka mlango. Nimeingia. Aliye upande wa pili ni wangu."

"Mwachie mdogo wangu!"

"Nipe mwingine."

Msichana alikuwa amepiga magoti, midomo imegeuka buluu, donge la nywele likimtoka kooni. Fundi alinakili zile picha kwenye flashi, ushahidi wa polisi, kisha akakigeuza kiungo: kisielekee tena kwa wanawake, kielekee kwenye folda ya picha za bosi mwenyewe. Mdogo wake akavuta pumzi kwa kishindo.

Mlango ukafunguliwa, bosi akaingia. "Nani kakuruhusu kugusa mashine yangu?"

"Bosi, sikiliza. Kiungo kimegeuzwa. Humo ndani sasa umo wewe. Kiondoe chenyewe, lakini yaliyomo usiyafute."

"Unanifundisha kazi, we mtoto? Mnatafuta ushahidi, siyo? Haya, tuone!"

Bila hata kutazama, akachagua vyote, akafuta; na papo hapo nyusi zikamteleza kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, pua ikafuata, ikaning'inia, ikadondokea kwenye kibodi kwa mlio wa kamasi, na macho yakazama ndani ya nyama iliyokuwa ikijisawazisha taratibu, huku yeye akijipapasa, akitafuta mdomo wa kupigia kelele pale ambapo palishakuwa laini kama kiganja.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" Sauti ilikuwa yake. Ilitoka kwenye spika.

Fundi alimshika mdogo wake mkono, wakatoka wakikanyaga nywele zilizoanza kuota kati ya vigae. Hakuthubutu kurudi kuung'oa waya wa umeme wa kompyuta.

Bosi alifuta yaliyomo tu. Kiungo kipo pale pale kwenye kioo, mlango ungali wazi, na kimshale chake kinadondosha usaha.