Kontena ya Majina Tisa

"Zima jiko."

Sauti ya Chef, mkuu wake wa kazi ya siri, ilisikika kwenye simu ya sikioni mwa Aimée. Maneno mawili tu, ishara ya kuanza kazi, lakini roho za watu tisa zilining'inia hapo.

Saa tano na dakika arobaini mchana, mtaa wa Kabondo. Aimée alikuwa juu ya ngazi, kofia ya njano ya watu wa umeme kichwani, koleo mkononi, Glock 19 chini ya ovaroli. Mbele yake, sanduku la mita. Kushoto, dirisha la sebule ya Papa Landry, wazi kwa sababu ya joto.

Huyo Papa Landry, mwacheni tu! Almasi za magendo zilimjengea ghorofa, ukatili ukamjengea jina. Jana tu ameuziwa orodha ya watoa habari tisa wa serikali walioko kando ya mto, kutoka hapa mjini hadi Yanonge na Isangi. Ilikuwa imefungwa, hata yeye hajayaona majina. Saa sita kamili Mzungu mmoja angeleta neno la siri la kuifungua. Kufika jioni, watu tisa wangekuwa chakula cha samaki.

Mmoja wao ni Benoît, kaka yake Aimée, tumbo moja.

Orodha ilikaa kwenye Synology, mashine nyeusi ya kuhifadhi data chini ya televisheni. Humo kila programu ina kontena yake: ya kamera, ya filamu, na chungu nzima zilizojaribiwa mwaka juzi zikasahaulika. Takataka hizo zilikuwa zimejaza diski pomoni, hata mashine ikawa inakataa kutoa nakala.

Fundi wa nyumba, Osée, baba wa watoto wawili, alikuwa na desturi yake. Kourant, yaani umeme, ikirudi baada ya kukatika, anangoja kwanza kontena zinazotumika ziamke. Ndipo anabonyeza amri moja inayofuta zote zilizolala, pamoja na vilivyomo. Kontena iliyobeba orodha ya majina ilikuwa nzito, ikiamka ya mwisho, baada ya dakika tatu.

Aimée aliyajua hayo kutoka kwa Chef. Hakuuliza Chef aliyatoa wapi.

Asubuhi ile Osée mwenyewe alimletea maji. "Mama, ngazi yako haiko nguvu. Nikushikie?" Aimée akamwambia hapana.

Akakata waya.

Feni ikanyamaza. Papa Landry akatoa kichwa dirishani, jasho linamtiririka.

"Mama wa kourant! Iko nini?"

"Délestage, papa, mugao wa kourant. Nitakurudishia dakika mbili tu. Kisha ni giza mupaka mangaribi."

"Dakika mbili? Niko na mugeni saa sita!"

"Bon, papa, fanya mbio."

Subira huvuta heri, lakini nenda kamwambie mtu mwenye bastola!

Aimée akaunganisha waya. Taa za Synology zikaanza kupepesa.

"Osée! Safisha mashini, unitilie ile orodha ku clé USB!"

"Papa, tungoje kidogo. Kontena ingine haiyaamuka."

Kofi lilisikika hadi kwenye ngazi.

"Unanifundisha miye?"

"Nakulomba, papa. Dakika tatu tu..."

Mdomo wa Beretta ukagusa sikio lake. Osée akabonyeza.

"Kontena kumi na ine zimefutwa," alisoma taratibu.

"Orodha iko wapi?"

"Papa... ilikuwa ingali inalala."

Mkono wa Aimée ulikuwa tayari kwenye Glock. Kutoka pale angempiga Papa Landry bila hata kufumba jicho.

"Usiguse," Chef akasema. "Hatujawahi kufika hapo. Shuka."

Akashuka. Alikuwa kwenye kipago cha tatu risasi ilipolia mle sebuleni.

Akakunja ngazi. Akampa mlinzi wa geti bonjour, mlinzi akaitikia huku anakimbilia ndani. Barabarani Aimée akasimamisha toleka, akaketi nyuma ya baiskeli, ngazi begani.

"Jiko limezimika," alisema kwenye simu.

"Bravo. Benoît ni salama. Wote wanane."

"Tisa, Chef."

"Wanane. Wa tisa ni yule fundi. Yeye ndiye alituambia habari za kontena."

Baiskeli ikaruka shimo.

"Alijua jina lake limo?"

"Hapana. Wiki yote tulimwomba aifute orodha mwenyewe, akaogopa. Donc, leo ameifuta."

Simu ikakatika.

"Mama, shika muzuri," mwendesha toleka akasema. "Ngazi yako itaanguka."

"Niko nashika."

Alikuwa ameishika kweli. Imara vilevile kama alipomkatalia Osée asubuhi, na hilo ndilo lililomchukiza.