Siku za Kazi za Nani?

Mashuka ya hoteli hayaishi. Ukifua arobaini leo, kesho yanakusubiri arobaini mengine, tena yamekunjamana utadhani hayajawahi kuonana na pasi. Mwanamke mmoja aliyafua mashuka hayo kwa miaka kumi na mmoja. Majirani walimwita Dobi, naye aliitika. Alikuwa kazini Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili alipumzika, kama kufua nguo za nyumbani ni kupumzika.

Dobi aliishi na mama yake mzazi katika vyumba viwili. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Mwanga aliuona kwa mbali. Watu aliwatambua kwa sauti na kwa mwendo wa miguu yao. Ulimi wake ulikuwa mzima kabisa.

"Nimezaa watoto sita, wote wakaniacha nilale," alikuwa akisema. "Hawa wawili wa jicho, wa uzeeni, ndio watundu."

Dobi alicheka kila mara, lakini moyoni hakucheka. Mwezi uliopita mama alipapasa jiko akitafuta sufuria, akaungua kiganja. Tangu siku hiyo Dobi alikwenda kazini mwili tu. Roho ilibaki nyumbani.

Kisha kliniki ya macho ikafunguliwa karibu na soko. Wenyewe walitoka nchi nyingine. Walitoa mtoto wa jicho bure, lakini kwa wiki chache tu. Baada ya hapo madaktari wangeondoka mpaka mwaka ujao. Jumanne Dobi aliomba ruhusa kazini, akampeleka mama. Daktari alimpima mama, akaandika jina lake kwenye orodha ya upasuaji. Karani wa dirishani akampa Dobi karatasi.

"Mama akapimwe damu na sukari kwenye maabara," alisema karani. "Utuletee majibu ndani ya siku tatu za kazi. Ukichelewa, nafasi yake anapewa mwingine. Wanaosubiri ni wengi, dada."

"Siku tatu za kazi. Nimesikia, kaka."

Dobi alitoa simu yake. Ilikuwa na kalenda, na kalenda hiyo aliiamini kuliko kichwa chake. Kichwa chake siku hizi kilijaa mvuke wa pasi. Kalenda iliuliza: nikukumbushe baada ya siku ngapi za kazi? Dobi akabonyeza tatu. Kalenda ikajibu: Ijumaa. Akashukuru Mungu, akaweka simu mfukoni.

Majibu ya maabara yalitoka Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi Dobi aliomba ruhusa nyingine. Msimamizi wake alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kukubali. Dobi alifika kliniki saa mbili kamili, akakuta geti limefungwa.

"Wamepumzika leo, dada," alisema mlinzi. "Na kesho pia."

"Wanapumzika Ijumaa? Na mimi nimeambiwa siku tatu za kazi!"

"Mimi nalinda geti tu. Kalenda hainihusu."

Dobi hakuwa na nguvu za kubishana. Alitazama simu. Kalenda ilikuwa tayari na jibu: siku ya kazi inayofuata ni Jumatatu. Jumamosi wamepumzika, alifikiri, na Jumapili nani atakuwa kazini? Jumatatu, basi. Alirudi kwenye mashuka yake.

Jumamosi alasiri, baada ya kutoka kazini, alikuwa uani akianika nguo za mama. Jirani yake wa mlango wa pili akatokea. Huyu alifanya kazi kwenye kampuni ya mizigo. Kazi yake ilikuwa kupanga lini mzigo utoke, na lini mteja wa nchi ya mbali apigiwe simu. Majirani walimwita Bi Ratiba. Hata akija kuazima kiberiti, alitoa taarifa mapema.

"Shikamoo mama," Bi Ratiba alimsalimu mama, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Leo hukutoa taarifa."

"Leo nimevunja sheria. Dobi, majibu ya mama umeshapeleka?"

Dobi alimweleza yote, nguo ikiwa bado mkononi. Bi Ratiba aliacha kutabasamu.

"Hiyo siku ya Ijumaa nani alikuhesabia?"

"Simu."

"Hebu niione." Aliitazama, akatikisa kichwa. "Uliandikiwa Jumanne. Siku hiyo yenyewe haihesabiwi. Jumatano moja, Alhamisi mbili, Ijumaa tatu. Simu imehesabu vizuri tu."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Kosa hukuuliza swali moja. Siku tatu za kazi, sawa. Za kazi za nani?"

Dobi aliguna. "Kwangu mimi siku za kazi ni sita. Na ya saba ni ya nguo kama hizi unazoziona kwenye kamba."

"Ndiyo maana yake! Wenye kliniki wamekuja na wiki ya kwao. Wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Jumapili wanaingia kazini. Sisi tuna wateja wa namna hiyo. Mwanzoni nilikuwa nawapigia Ijumaa, hawapokei, nikanuna. Nilidhani wananidharau. Kumbe watu wamelala kwao!"

Mama aligeuza uso upande wa sauti. "Hiyo simu inaanza wiki siku gani?"

"Jumatatu, mama."

"Tatu imekuwa ya kwanza lini? Jumamosi ni mosi, na mosi ni moja. Mimi shule sikwenda, lakini kuhesabu naweza."

Bi Ratiba alicheka. "Umegusa penyewe, mama. Sisi majina yetu yanaanza kuhesabu Jumamosi. Simu hii inaanza Jumatatu. Kuna wanaoanza Jumapili. Siku ni saba kwa wote, ila kila mtu ana mlango wake wa kuingilia. Waliotengeneza kalenda hii waliweka mapumziko kufuatana na eneo ulilochagua simu ilipokuwa mpya. Haijui habari za kliniki. Inajua ulichoiambia." Alimgeukia Dobi. "Hesabu tena. Wewe mwenyewe, kwa wiki yao."

Dobi alihesabu kwa vidole. "Jumatano, moja. Alhamisi, mbili. Ijumaa wamelala. Jumamosi wamelala. Jumapili..." Akakitazama kidole cha tatu. "Jumapili ndiyo ya tatu. Jumapili ni kesho."

"Ni kesho. Jumatatu ungekuta jina la mama limefutwa."

Dobi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliogopa, na alikasirika, na kuliko yote alichoka. Mama yake angekosa upasuaji kwa siku moja tu. Na hiyo Jumapili ndiyo siku pekee ambayo miguu yake haikuwa ya hoteli.

"Nibadilishie hilo eneo," alisema. "Weka la kwao, yaishe."

"Thubutu! Ukigeuza eneo la simu nzima, na mambo yako mwenyewe yatageuka. Kengele ya kukuamsha umeiweka vipi?"

"Kila siku ya kazi, saa kumi na moja alfajiri."

"Basi Ijumaa itanyamaza, na msimamizi wako hatanyamaza. Hata sasa si sawa. Inajua Jumatatu hadi Ijumaa tu."

Dobi alishtuka. "Kumbe ndiyo sababu Jumamosi hailii! Mimi nilidhani simu nayo imechoka."

Walicheka wote watatu. Kisha Bi Ratiba akamrudishia simu.

"Bonyeza wewe. Nikikufanyia mimi, kesho utaniita tena, na mimi nina ratiba yangu."

Dobi alikausha vidole kwenye kanga. Alifungua kalenda, akaenda kwenye mipangilio. Hapo palikuwa na mahali pa kuongeza kalenda nyingine. Aliiongeza, akaipa rangi ya kijani, akaiita Kliniki. Chini yake ziliandikwa siku saba, kila moja na kisanduku chake. Aliondoa alama kwenye Ijumaa; Jumamosi haikuwa nayo. Aliweka alama kwenye Jumapili. Kisha alirudi kwenye kalenda yake ya zamani, ya kazi yake, akaweka alama kwenye Jumamosi.

"Sasa iulize tena," alisema Bi Ratiba. "Uliza upande wa kijani."

Dobi aliandika Jumanne, siku tatu za kazi. Jibu likaja: Jumapili.

"Na kama simu ya mtu haina visanduku hivi?"

"Ataandika kwa kalamu ukutani, haidhuru. La maana ni hili. Ukiambiwa 'siku za kazi', usiondoke dirishani. Uliza: siku gani kwa jina lake? Tarehe ngapi? Na mnafunga saa ngapi? Hakuna atakayekucheka. Na akicheka, mwache acheke, wewe ondoka na jibu."

Jumapili Dobi aliamka alfajiri kama siku nyingine zote. Magoti yalilalamika, hakuyasikiliza. Geti la kliniki lilikuwa wazi. Mlinzi alimpungia mkono kana kwamba ni mjomba wake. Dirishani, karani alipokea majibu, akayagonga muhuri.

"Umekuja siku ya mwisho yenyewe, dada. Jioni hii ningempa mwingine nafasi."

"Kaka, naomba nikwambie jambo. Ijumaa nilikuja hapa nikakuta geti limefungwa. Ulisema siku za kazi. Hapa mtaani kila mtu ana siku zake za kazi. Ungeandika tu Jumapili, na tarehe."

Karani alitaka kujitetea. Aliangalia benchi, watu kumi na tano wamekaa na karatasi zao. Alimwita mzee wa kwanza, akachukua karatasi yake, akaandika juu yake kwa wino mwekundu jina la siku, tarehe, na saa ya kufunga. Akaita wa pili. Wanawake wawili waliopewa siku tano waligundua kuwa nao walikuwa wamepanga kurudi Ijumaa.

Jumatano mama alitolewa mtoto wa jicho la kulia. La kushoto liliandikwa wiki mbili mbele. Safari hii Dobi aliuliza maswali yote matatu, na karani alikuwa ameshayajibu kwenye karatasi.

Alhamisi asubuhi muuguzi alifungua bandeji. Mama alipepesa jicho. Alimtazama muuguzi. Alitazama dirisha, na mti ulioonekana nje, na kidole chake mwenyewe. Dobi alisimama mbele yake akisubiri mzaha, kwa sababu mama hakosi mzaha.

"Ni wewe huyu?"

"Ni mimi, mama."

Mama alinyoosha mkono, akamshika shavu. Hakufanya mzaha wowote.

"Mbona sauti yako haikuniambia?" alisema. "Mbona umechoka hivi, mwanangu?"

Dobi alitaka kukataa. Hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo, hotelini wala mtaani. Aliketi kitandani ubavuni mwa mama yake, akalia, na hakuna aliyemharakisha.